Hatua Thelathini kutoka kwa Mama Mkwe

Majirani zetu wa Mabanga wanadhani sisi ni watu wa kupenda matembezi. Kila Jumapili wanatuona tukitoka na kikapu, mkeka, bidoni la maji na mwamvuli: mke wangu mbele, binti yetu wa miaka sita katikati, mama mkwe nyuma yao, na mimi mbali kabisa, kama mtu asiyewajua. Jirani mmoja aliwahi kuniambia ananionea wivu, kwamba nimejua kula maisha. Nikamshukuru. Ukweli ni kwamba nachukia kutembea. Nauza vipuri vya pikipiki, na wiki ikiisha ninachotaka ni kiti, kivuli na bugali wa moto. Jua likinipiga nanuna, mvua ikininyeshea nanuna zaidi. Tulianza kuzunguka Goma na masufuria kwa sababu moja tu: mama mkwe wangu hakuweza kula mbele yangu.

Lazima nieleze. Kwetu ni Waislamu, babu zetu walitoka Maniema na biashara zao, na chakula chetu huwekwa kwenye sinia moja. Aliye ndani ya nyumba anakaa, ananawa, anakula. Mgeni akikataa kukaa, mwenye nyumba anabaki na donge moyoni. Kwao mke wangu ni Masisi, watu wa milimani wanaosema Kinyarwanda, na kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani mdomo ukitafuna. Ni heshima. Nilijua desturi hiyo tangu siku ya posa, lakini niliijua kama ninavyojua kwamba Kisangani kuna joto. Ilikuwa mbali, haikunihusu.

Halafu mwaka jana, vita ilipofanya kilima chake kisiwe tena mahali pa kulala, mama mkwe akaja kwetu na kifurushi kimoja. Nilifurahi mno, na furaha yangu ndiyo iliyoharibu. Adhuhuri ya siku ya kwanza niliweka sinia katikati, nikamkaribisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, nikampasulia samaki kwa mkono wangu mwenyewe na kumsogezea kipande kinono. Yeye akajifunika uso kwa kitenge, akainuka, akatoka nje. Tulimkuta nyuma ya pipa la maji, amekaa juu ya jiwe, ametazama ukuta wa jirani.

"Umefanya nini?" mke wangu akaniuliza.

"Nimemukaribisha mama!"

"Umemufukuza."

Nilinuna siku tatu. Nilijiambia mwanamke huyu ananidharau, anaona chakula cha muuza vipuri hakimfai. Nasema hivi kwa aibu, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na duka liko mbele yake, mlango kwa mlango. Hakuna pembe ambayo mtu anaweza kula bila kuhisi kwamba mimi niko karibu. Nilihamishia sahani yangu dukani, nikala katikati ya minyororo na plagi, mikono ikinuka mafuta ya injini. Haikusaidia. Nikikohoa tu, mama mkwe anasukuma sahani yake. Nikicheka na mteja, anafunika sufuria. Mke wangu akimuuliza anajibu kwamba amekwisha kushiba, na kumbe amekula vijiko viwili. Nguo zikaanza kumning'inia. Tulipompeleka kituo cha afya, muuguzi akatuambia ana ugonjwa wa sukari, na akanikazia macho mimi, mwenye nyumba: "Huyu mama asikae na njaa. Akikaa na njaa, siku moja ataanguka na hamutamuinua." Nilitoka pale nimeacha kununa. Niliogopa.

Wazo la kutoka lilikuwa la mke wangu. Jumapili moja alitupeleka Himbi, mahali ambapo ukuta wa nyumba za wakubwa unaachia kidogo na mtu wa kawaida anaweza kulifikia ziwa. Akatandika mkeka kwa ajili ya mama yake. Kisha akanishika bega, akanigeuza, akaanza kunitembeza juu ya mawe akihesabu kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa shuleni. Alipofika trente, thelathini, akasimama.

"Kaa apa. Angalia maji. Usigeuke hata kama nyoka inakuya."

Nikakaa. Nikala peke yangu, mgongo kwa familia yangu, nikiangalia maji kama niliyeadhibiwa. Baada ya muda binti yetu akaja mbio, mdomo unang'aa mafuta.

"Papa, koko ameomba tena!" Koko ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Ameomba nini?"

"Bugali. Na sambaza. Na ile yangu pia amekula."

Sikugeuka, lakini nilicheka mwenyewe mpaka mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu akanitazama kwa huruma. Mwanamke aliyekuwa akila vijiko viwili nyumbani alikuwa amemaliza sahani mbili za bugali na samaki wadogo wa ziwa. Kumbe hakuwa na shida na chakula chetu. Alikuwa na shida na ukuta wetu.

Basi ndivyo tulivyogeuka watu wa matembezi. Tulipanda Mont Goma, mimi nikihema nyuma na bidoni kichwani, na huko juu mvua ikatukuta sahani ndiyo kwanza zimefunuliwa. Mwamvuli ulikuwa mmoja. Wanawake watatu wakajikunja chini yake na kuendelea kula, na mimi nikabaki kwenye hatua zangu thelathini, nimesimama, maharagwe yangu yakigeuka supu. Tulikwenda Mugunga, kwenye mawe meusi ya volkano, ambako kila mtu anapata jiwe lake la kujificha. Nililipenda jiwe langu, lilikuwa na kiegemeo. Binti yetu ndiye aliyenufaika kuliko wote. Alikuwa anakula kwenye kambi ya koko, anakuja kula kwenye kambi yangu, na kila upande anaapa kwamba upande ule hawajampa kitu. Alinenepa.

Mama mkwe naye alianza kurudiwa na uso wake. Hakuwa akisema nami. Salamu zake zilipitia kwa mke wangu, na zangu zilirudi kwa njia ileile, ingawa sote tulikuwa tunasikiana vizuri sana. "Mwambie mume wako jiwe la leo lina siafu," angesema, nami nipo hatua chache tu, nikijikuna.

Lakini Jumapili ni moja, na wiki ina siku nyingine sita. Muuguzi alipompima tena akatikisa kichwa.

Ndipo mke wangu akasema Jumapili inayokuja tutavuka kwenda Idjwi, kisiwani, kwa mama mdogo wake aliyeolewa huko. Nikafurahi, kisiwa kizima, nilifikiri, naweza kuwekwa hata hatua mia. Asubuhi ya safari nikainua kifurushi cha mama mkwe nikipakie na kikanishinda. Nikakipapasa. Kulikuwa na blanketi, sufuria, nguo zote. Sandali zake za kanisani pia zilikuwemo.

"Tunaenda siku mbili," nikamwambia mke wangu. "Juu ya nini anabeba vyote?"

Mke wangu akageukia ukuta. "Anabakia kule. Kwa dada yake hakuna mukwe mwanaume. Atakula."

"Na dawa? Kule kisiwani atapata wapi dawa?"

"Ulitaka nifanye nini?" akasema, na akaanza kulia.

Niliumia kuliko nilivyotarajia. Mwanamke ambaye hajawahi kuniambia neno moja alikuwa anaondoka nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa ukuta uliomfukuza. Nilibeba kifurushi kile mpaka Kituku, ambako mitumbwi ya mota inapakia abiria, na sikutaka mtu anisaidie.

Mtumbwi ulijaa. Tulikaa kwenye mbao zilizokatiza upana wake, magoti yakigusana na migongo ya walio mbele. Mama mkwe alikaa ubao wa mbele yangu, binti yetu kando yake, mke wangu kando yangu. Mama mkwe alikuwa hajala tangu alfajiri, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nyumbani tangu alfajiri. Mpango ulikuwa ale tukifika.

Katikati ya ziwa mota ikakohoa na kuzima. Nahodha akavuta kamba, akavuta tena, akafungua, akapuliza, akatukana kwa lugha tatu. Mimi muuza vipuri nikatambaa mpaka nyuma nikaona shida: plagi imekufa. Dukani nina makatoni ya plagi. Mfukoni nilikuwa na kitambaa cha kufutia jasho. Nahodha akapiga simu aletewe nyingine kutoka Goma, nasi tukakaa, jua juu yetu, maji yakitubembeleza bila kutupeleka popote.

Niliporudi kwenye ubao wangu niliona mikono ya mama mkwe. Ilikuwa inatetemeka. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na si la jua.

"Mama, kula," mke wangu akasema, akifungua kikapu. "Kula sasa hivi."

Mama mkwe akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mukwe yangu iko nyuma yangu."

"Atageuka!"

"Atageukia wapi? Bwato ni moja."

Alisema kweli. Nikigeuka, nilikuwa napumua kwenye uso wa baba mmoja mwenye kuku. Nikasimama nihamie mbele, mtumbwi ukayumba, abiria wote wakapiga kelele nikae. Nikasema basi nitashuka ndani ya maji nishikilie ubavu wa mtumbwi. Mke wangu akauliza tangu lini najua kuogelea. Watu wakacheka, binti yetu akacheka, na mama mkwe akaanza kuinama upande, taratibu, kichwa kikitafuta bega la mtoto.

Hapo sikufikiri tena. Kulikuwa na turubai la kufunikia mizigo, linanuka samaki wa mwezi mzima. Nililivuta nikajifunika kuanzia kichwani mpaka magotini, nikalikunja chini ya mapaja, na nikapaza sauti humo ndani: "Mimi siko! Mumuambie mama siko!"

Mtumbwi mzima ukalipuka kwa kicheko. "Kweli haiko," baba wa kuku akasema. "Hii ni fuko ya makala ya kupikia." Mwanamke mmoja akasema kama mume wake angemfanyia mama yake hivyo, angempikia nyama kila siku. Mimi nilikuwa gizani, jasho likinitiririka machoni, nikisubiri. Sikuwahi kusikiliza kitu kwa bidii namna ile. Kwanza sikusikia lolote. Kisha kifuniko cha sufuria. Kisha mke wangu akisema, "Tena, mama. Tena kidogo." Na kisha, karibu kabisa na magoti yangu, sauti ya mtu anayetafuna.

Nililia. Sioni haya kusema. Turubai lilinifichia heshima yangu na mimi pia.

Sijui muda gani ulipita. Tumbo langu, ambalo halijui adabu, likaanza kunguruma, na humo ndani lilisikika kama mota iliyopona. Watu wakacheka tena. Ndipo pindo la turubai likainuka kidogo usawa wa magoti, na mkono ukaingia. Ulikuwa mkono wa mzee, mkavu, wenye kovu la jembe, na haukuwa unatetemeka tena. Ulishika kiazi cha kuchemsha, kimemenywa vizuri kama anavyomenyewa mtoto.

"Kula, mutoto yangu," mama mkwe akasema. Hakuyapitisha maneno hayo kwa mke wangu. "Tumbo yako inatupigia kelele."

Nikakipokea. Nikala. Alinisikia ninakula, na hakujifunika uso wala hakusogea. Alisubiri mpaka nilipomeza, akaingiza cha pili.

Plagi ililetwa na mtumbwi mwingine, nahodha akaikaza, tukafika Idjwi jua likianza kupoa. Mama mdogo alikuwa ufukweni na majirani wawili wa kumsaidia mizigo, maana alikuwa ameambiwa dada yake anakuja na maisha yake yote. Alimkumbatia, akakishika kile kifurushi kizito, akauliza kwa furaha kitanda akitandike upande gani wa nyumba.

Mama mkwe aligeuka akanitafuta kwa macho kati ya abiria, nami nikiwa bado na harufu ya turubai, na mbele ya watu wote wale akaniuliza mimi:

"Mutoto, bwato ya kurudia Goma ni siku gani?"

"Mardi, mama," nikasema. "Jumanne asubuhi."

"Muzuri," akasema. "Usiniache."