Mwindaji wa Rukoko

Wakati wa vita kila mtu pale mtaani Mutakura alikuwa na kisingizio chake, na cha Massoudi kilikuwa kitamu kuliko vyote. Fundi huyu wa baiskeli alijipa sifa ya uwindaji. Kabla ya vita, alisema, vichaka vya Rukoko vilikuwa vikimtambua kwa harufu. Sasa njia zimefungwa, afanyeje? Akabaki ananoa kisu, na mdomo pia.

"Nyama ya pori unaipasulia palepale imeangukia," alikuwa akimsimulia Mwantum, au Mama Houda, mjane muuza maandazi. "Unaweka vidole mbili chini ya kisu, unapasua ngozi bila kugusa tumbo. Ukitoboa tumbo, kwisha, nyama yote inanuka mavi."

Alishamposa kwa maneno hayohayo, naye Mwantum alimjibu, "Siku nitaona nyama kwa mukono yako, nitakubali." Maskini, Massoudi alimpenda kweli. Lakini hata kuku hakuwahi kumchinja. Akiona damu, anafumba macho.

Basi asubuhi moja dume la pongo, yule swala wa vichakani, lilishuka kutoka milimani hadi Gasenyi, jirani na Mutakura. Révérien, aliyekuwa akiteremka na baiskeli ya ndizi, breki zikiwa zimetengenezwa na Massoudi, akaligonga. Ndizi huku, Révérien kule, pongo katikati amezimia. Watu wakajaa na visu, lakini hakuna aliyegusa: mtaa ule mnyama huchinjwa na Mwislamu, ili majirani wote waweze kula. Akaitwa Massoudi. Mwantum akawahi kufika, beseni kichwani.

"Fundi, fanya mbio, atakufa bure!" Révérien alilia huku akichechemea.

Massoudi akanawa mikono. Akanawa tena. Akauliza kibla ni upande gani, kana kwamba si yeye aliyeswali jirani na hapo alfajiri. Akaamuru mnyama ageuzwe, akaona amegeuzwa vibaya, akaamuru tena. Kisha akaanza somo la vidole viwili, jasho likimtiririka, akiomba ardhi immeze.

"Kata basi!" watu wakapiga kelele.

Akapiga magoti, akasema bismillahi, akafumba macho. Pongo akafumbua yake. Kwa muda wote ule alikuwa amepumzika vya kutosha. Akainuka na kofia ya Massoudi kwenye pembe, akaruka beseni, akapotea migombani. Massoudi akabaki amekalia ndizi, kisu bado kimo kwenye ala.

Watu walicheka hadi wakasahau njaa. Massoudi hakucheka. Aliona ndoa yake imekwenda na ile kofia.

"Mama Houda, unisamehe. Mi sijawahi kuwinda hata panya."

"Nilijua zamani," Mwantum akasema, akimpangusa ndizi kwenye kanzu. "Wanaume wenye kujua kuchinja, hii miaka tumewaona wengi. Mi nilikuwa natafuta mwenye anaogopa."

Akaokota beseni lake.

"Kesho njo kwa mujomba yangu Faruk, umuongeleshe mambo ya ndoa. Lakini mambo ya Rukoko usimwambie. Yeye aliwindaka kule kweli."