Kasa Waliolala Ubavu

Mwanamume nisiyemjua alinicheka sokoni mpaka akakaa chini. Nikamkumbatia.

Ngojeni niwasimulie.

Mimi ni bibi wa hapa Nausori, shule niliishia ya msingi. Kuchora sare za harusi nilijifundisha mwenyewe, kwa kidole, kwenye tableti ya mjukuu wangu Unaisi. Nilizoea kuwachorea ndugu. Safari hii nilipewa kazi na watu baki: ukoo mzima uvae kitambaa chenye kasa niliowachora. Nikiharibu, nani ataniita tena?

Na kesho kitambaa kinakwenda kuchapwa.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Nakihisi, sikioni. Nakaa, nasimama, chai inapoa.

"Unaisi, hebu nikosoe."

"Mzuri, Bibi."

Mke wa mchungaji naye: "Mzuri mno!"

Kitendawili: wote wananilisha asali, njaa haiishi. Ni nini? Sifa, wajukuu zangu! Kwetu Fiji, nani atamwambia bibi kizee amekosea?

Nikabeba kipande cha mfano, mimi huyoo sokoni. Muuza magimbi mmoja, Semesa, akanikodolea macho.

"Bibi, kwenu wapi?"

"Kisiwani Kadavu."

"Alaa! Kumbe watani zangu, wanyonya vichwa vya samaki!"

Roho ikatulia kidogo. Mtani si mtu wa kwenu; hukutukana hata msibani, na ukinuna mwenye kosa ni wewe.

"Haya mtani, tapika."

Akanyakua kitambaa, akajifunga kiunoni, akazunguka. Soko zima likaangua kicheko.

"Kasa gani hawa, wamelala ubavu kama walevi? Na huyu wa nyuma anatagia makalioni!"

Akacheka hadi akakaa chini.

Lo! Nilichora kasa wa kutazamwa kwenye kioo cha tableti, nikasahau kuna kiuno! Ndipo nilipomkumbatia. Nikaketi palepale kati ya magimbi, nikatoa tableti kikapuni, nikawageuza kasa waogelee kwenda juu, mawimbi nikayashusha kwenye pindo. Kidole hakikukamatika.

Harusi ilipendeza, jamani! Kabla keki haijakatwa, nilishapata kazi nyingine.

Jumatatu nikampelekea Semesa kipande cha sare. Hayupo. Nikamuulizia mtani wangu kwa jirani yake wa meza, akashangaa.

"Mtani wako? Bibi, Semesa ni wa Kadavu hukohuko, kijiji cha pili toka kwenu!"

"Ati?"

"Alisema, 'Bibi wa watu anatafuta ukweli, heshima imewafunga wote midomo. Acha niitwe mtani.'"

Kumbe angejulikana ni wa kwetu, angeonekana hana adabu.

Wanangu mnaojifundisha wenyewe: ukitaka ukweli, mwondolee mtu woga kwanza. Siku hizi siulizi, "Mzuri?"

Nauliza, "Haya, mnacheka wapi?"