Jibu la Feza

Mwanangu unayekwenda kusimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, kaa kidogo nikusimulie. Kuna asubuhi moja nimezeeka nayo, na bado inaniuma.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Manika, nafundisha darasa la sita. Siku hiyo tulisoma hadithi fupi ya Kifaransa. Mume ameenda mbali kutafuta kazi, na kila mwezi mkewe huwasomea watoto barua ya baba yao. Mwishoni tunagundua kwamba barua zote aliziandika yeye mwenyewe. Niliwaruhusu wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili, nikauliza, "Kwa nini aliziandika?"

Katika daftari langu la matayarisho jibu lilikwisha kuandikwa: aliwadanganya watoto, na uongo ni mbaya. Nilisubiri tu mtu alitaje.

Feza, msichana wa benchi la nyuma ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, akainua mkono, akakana kwamba ni uongo. "Haiko bongo, mwalimu. Ule mama alikuwa anatafuta mutu wa kusema naye."

"Hapana," nikasema. "Nani ana jibu la kweli?"

Darasa likacheka. Mkono wake ukashuka polepole.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Na mimi sikujua hata kwamba nimejikwaa.

Tata Ilunga, mwalimu mzee wa darasa la jirani, aliyasikia yote kupitia ukutani. Mchana akaniita kando. "Baba ya ule mutoto alipanda treni ya Lubudi, hii ni mwaka ya tatu. Harudi, haandiki. Na wewe unauliza batoto swali, kumbe jibu iko mu mufuko yako. Sasa uliuliza ya nini?"

Kesho yake nilimwomba Feza msamaha mbele ya wote, nikamwuliza tena, nikangoja. Alitazama meza. "Sijui, mwalimu." Kila hadithi iliyofuata, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Mwaka ulipokwisha, yeye na mama yake wakahama, nami sikumwona tena.

Siku hizi mke wangu ni marehemu na watoto wetu wanaishi Lubumbashi. Asubuhi nikichemsha chai, najikuta namsimulia marehemu habari za majirani. Feza aliielewa hadithi ile akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi imenigharimu uzee. Natamani kumwambia hivyo, lakini sijui pa kumpata.

Basi shika neno hili. Kabla ya kuwauliza watoto, funga daftari lako. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto akikujibu usilolitarajia, mwambie aendelee, kisha nyamaza umsikilize, maana huenda ametoa kitu ambacho hata nyumbani hakisemwi.

Mungu akupe subira ya kungojea mkono unaosita, akulindie ulimi wako, na nyumba yako isikose sauti za watu mpaka uzeeni.