Gari Alilolifundisha Papa

"Sasa gari hilo likimgonga muntu, nani atashuka?"

Papa aliniuliza hivyo Jumapili moja mchana, akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ordinateri, kompyuta yangu, mikono yake ya motari, ya mwendesha pikipiki ya abiria, imelala magotini. Nilikuwa nimerudi Kalemie kutoka universite ya Lubumbashi na diploma ya sosholojia, nikiwa na jibu kwa karibu kila jambo, na pale nilipokosa jibu nilikuwa na desturi ya kumrudishia mtu swali lake. Kwa hiyo nikamuuliza, "Kwani hapa kwetu motari wakigonga watu, wote wanashuka?"

Akatabasamu. "Hapana. Wengi wanakimbia. Lakini wanajua walipaswa kushuka."

Kazi yangu ya kwenye ordinateri niliipata kupitia rafiki niliyesoma naye. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza magari yanayojiendesha yenyewe, mengine ya kubeba abiria, mengine ya kupeleka hadi mlangoni vitu ambavyo watu wamenunua. Ili gari limjue mtu, lazima lionyeshwe picha nyingi za barabarani, na katika kila picha lazima awepo wa kuchora kisanduku kumzunguka kila mtu, kisha kuandika kama mtu huyo anataka kuvuka au hataki. Mchoraji nilikuwa mimi, chumbani kwetu mtaani Kataki, saa za mchana jua linapokuwa kali juu ya paneli yetu pekee.

Visanduku havikunishinda. Kilichonishinda ni kujua nani anataka kuvuka. Watu wa kwenye picha walivaa makoti mazito, wamesimama kando ya njia safi, na mimi niliwaona wote sawa. Siku moja Papa alirudi kula, akasimama nyuma yangu na tonge la bukari mkononi.

"Huyu anavuka," akasema.

"Papa, amesimama."

"Anavuka. Angalia kisigino. Na yule mwenzake havuki, anangoja muntu. Unaona bega lake?"

Nikaandika alivyosema. Kazi ya siku ile yote ilirudi na alama ya kijani, mara ya kwanza tangu nianze.

Papa alikuwa anasoma miili ya watu tangu kabla sijazaliwa, kwanza akiwa juu ya kinga, baiskeli yake, akibeba magunia, baadaye juu ya moto, pikipiki yake. Alijua kwamba mwanamke mwenye beseni kichwani hageuzi shingo, hugeuza mwili mzima, kwa hiyo miguu yake ndiyo ya kutazamwa. Alijua mlevi huangalia vidole vyake kabla ya kuingia njiani, na mtoto akiitwa jina lake kutoka ng'ambo ya barabara hana tena masikio ya kusikia pikipiki. Ng'ambo ile ya makoti alikuwa hajawahi kuiona, lakini visigino, alisema, ni vilevile.

Nilikuwa nimemwambia kwamba picha zile ni za usalama wa barabarani. Haukuwa uongo. Lakini ukweli wenyewe nilikuwa nimeukata katikati na kumpa kipande, na kwa wiki kadhaa nilimficha kipande kilichobaki, kwamba magari yale yatabeba watu na mizigo bila dereva, kwa sababu nilijua kazi yake ni nini. Yeye hakubeba abiria tu. Mama wa sokoni walimkabidhi unga, mafuta na mikebuka, samaki wa ziwani, wakamwelekeza: "Peleka kwa mama mwenye geti la kijani, nyuma ya kanisa. Asipokuwepo, mwachie jirani yake, si yule mwembamba, yule mwenye kucheka. Na mwambie mutoto amepona." Papa alipeleka unga, alipeleka na habari ya mtoto, kisha alirudi na salamu. Kwetu nyumba hazina namba za kutegemea. Zina Papa.

Mwishowe, Jumapili ile ya swali lake, nilimwambia. Hakukasirika. Kesho yake alinipakia nyuma ya moto hadi kituo chao karibu na daraja la Lukuga, akawaambia wenzake kama mtu aliyeleta kichekesho.

"Gari bila shofere!" mmoja akapiga makofi. "Na polisi atamuomba nani makaratasi?"

"Hao polisi njo watakufa njaa mbele yetu!"

"Na kule njia ya Niemba, mvua ikinyesha? Litashuka lijisukume lenyewe?"

Walicheka hadi abiria wakageuka. Kisha mmoja wao, mkubwa kuliko Papa, akaniangalia bila kucheka. "Binti, umesoma miaka hii yote uje kutufukuza kazi?"

Nilimjibu kwa maneno marefu. Nilimweleza habari za mtaji, na kwamba barabara zetu zitatulinda kwa ubovu wake, na kwamba magari yale hayatafika hapa leo wala kesho. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Sawa, Mama," akawasha moto yake akaenda. Mimi mwenyewe sikuamini nusu ya niliyoyasema. Mashine nyingi tuliambiwa hazitafika, zikafika.

Jioni nilimuuliza Papa kama ataacha kunisaidia.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Kama litakuja, litakuja. Basi lifundishwe na muntu anayeogopa kuua."

Hakuwa amewahi kumgonga mtu. Wala mbuzi. Wanaume wengine wa rika lake, wakikutana baada ya ibada, walitaja viwanja vyao na watoto walioko Lubumbashi. Papa hakuwa na kiwanja, na mtoto wake alikuwa amerudi. Alisema tu, "Mimi miaka yote hii sijamwangusha muntu," na watu walimpa mkono, kwa sababu ilikuwa kweli na wote walijua si jambo dogo.

Akajifunza kuchora visanduku mwenyewe. Mchana, baada ya kula, alikaa saa nzima au mbili, nami nikamwachia nikaenda kuteka maji na kuosha vyombo. Alikuwa akiiinamia picha, kichwa amekigeuza upande, kama kuku anavyoitazama punje. Niliona ni bidii. Siku moja nilimwekea kikombe cha chai karibu na mkono wake wa kushoto, akakipiga kikamwagika juu ya meza hadi pembeni mwa ordinateri. Nikapiga kelele, "Papa, macho!" kama anavyofokewa mtoto. Akaifuta chai kwa jile yake, kizibao cha kazi cha manjano, akaniomba msamaha.

Baadaye alama nyekundu zikaanza. Ujumbe ulikuwa mmoja kila mara: katika picha kuna watu walioachwa. Sikuzifungua picha zenyewe. Nilishajua tatizo, au niliona nimeshajua. Kampuni za namna hii, nilimwambia Papa, hukaa mbali na kutafuta sababu ya kutokubali kazi ya watu ambao hawawezi kwenda kugonga mlango wa biro yao. Niliwaandikia barua kali. Niliuliza nani anawakagua wakaguzi. Niliuliza kwa nini kazi ya mtu yuleyule ilikuwa nzuri mwezi uliopita, na sasa ni mbaya. Lilikuwa swali zuri sana. Nililiuliza kwa kejeli, nikafunga mashine.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Papa alikuwa anapeleka unga na chupa ya mafuta kwa mteja wake mmoja, njia aliyoipita kila siku, hata mwendo hakuwa nao. Mama mmoja mwenye beseni la mikebuka alitoka upande wa kushoto, penye meza za wauza kadi za simu, akavuka. Papa hakupiga honi. Hakushika breki. Walioona walisema alimwendea kama mtu anayepita mahali patupu.

Wenzake wakamkimbilia. "Kimbia, Papa! Panda, kimbia!" Kwetu umati ukikusanyika motari hupigwa na moto yake huchomwa, na kila mtu anajua hivyo. Papa aliilaza moto chini, akavua kofia, akaketi vumbini. Alikunja ile jile ya manjano akaiweka chini ya kichwa cha yule mama. Nilipofika nikihema nilimkuta ameshika kiatu kimoja cha yule mama, watu wamemsimamia kama ukuta, na mikebuka imetawanyika njiani bila mtu yeyote kuiokota. Kaka wa yule mama alikuwa amekuja na nondo. Baadaye aliniambia kwamba alishindwa kumpiga mtu aliyekwisha kukaa.

Yule mama alipona, ila paja lilivunjika vibaya, na hakubeba beseni tena.

Kwa polisi, kwa ndugu wa yule mama, kwa mchungaji, Papa alisema neno lilelile: "Kichwa changu hakikuwa barabarani. Nilikuwa nafikiria foto za mutoto wangu." Hakuna aliyemlazimisha. Hata wenye meza za kadi walikuwa tayari kusema kwamba mama yule alikurupuka.

Nilijaribu nami. "Papa, alitoka ghafla. Watu wameona."

"Hakuna muntu anayetoka ghafla," akasema. "Nimekufundisha mwenyewe."

Moto ilibaki nyuma ya nyumba chini ya turubai, hakuipanda tena. Kila asubuhi alitembea hadi kwa yule mama, akabeba beseni lake kichwani hadi sokoni, ambako dada yake aliuza, na mchana alilirudisha. Mwanzoni watu walimcheka. "Papa, kitenge chako kiko wapi?" Baada ya miezi wakazoea, na baadhi yao wakaanza kumpisha njia. Alitembea akikaribia kuta mno, mkono wa kushoto ukiparuza matofali ya watu. Nilidhani ni aibu. Niliona anatafuta mahali pa kujificha.

Mbele ya ordinateri hakukaa tena. Kampuni iliifunga kazi yangu, nami sikupinga. Nilipata nafasi ya kufundisha sekondari, watoto wakaniuliza maswali, nikawajibu.

Homa ilimchukua katika msimu wa pili wa mvua, siku tano tu. Siku ya nne alikuwa na akili timamu. Aliniita "Mama," akasema, "Uzembe. Uzembe njo uliniangusha. Muntu alikuwa mbele yangu, nikamwacha." Mimi ambaye hubishia kila kitu, mahubiri, redio, vitabu vyenyewe, sikumbishia. Nilikuwa nimechoka, na ndani yangu niliamini hivyohivyo. Nilimshika mkono tu.

Matangani yule mama alikuja na mkongojo wake, akakaa pamoja nasi ndugu hadi mwisho, na jile ya manjano, iliyofuliwa, aliirudisha siku hiyo.

Miaka ikapita. Madaktari wa macho walikuja mjini kwa wiki moja, nikaenda kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma nikisahihisha kazi za wanafunzi. Daktari akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyepoteza uoni. Nikamwambia hapana, baba yangu aliona hata kisigino kinachowaza. Akanieleza, kama ambavyo nadhani alimweleza kila mtu siku ile, kwamba macho yanaweza kufa upande mmoja, polepole, bila maumivu, na mwenyewe asijue, kwa sababu kichwa hujaza pengo kwa chochote kilicho jirani, ukuta au barabara tupu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ordinateri ya zamani ilichukua muda kuwaka. Picha zilizokataliwa zilikuwemo bado, na kwa mara ya kwanza nikazifungua, moja moja. Mwanamke mwenye mwavuli hakuwa na kisanduku. Mzee na mbwa wake hawakuwa nacho. Watoto wawili wenye mikoba hawakuwa nacho. Watu wa katikati na wa kulia Papa aliwaona wote, na kila mmoja alimwandikia sawasawa kama atavuka au hatavuka. Walioachwa, picha baada ya picha, walikuwa upande wa kushoto. Ya kwanza ilikataliwa wiki saba kabla ya Jumanne ile.