Muuza Nyanya Azimisha Simu

Jumanne nilikuwa nachagua nyanya sokoni Kapata, katika mji wetu wa migodi, mwanafunzi mmoja wa uandishi wa habari akamnyooshea simu mama mwenye meza. Alikuwa anarekodi, na sauti ameitengeneza kama ya redioni.

"Mama, unasema nini juu ya vumbi ya makamyo ya mine?"

Mama akapangusa nyanya kwa ncha ya kitenge, akamtazama kwanza. "Weye ni mutoto ya wapi?"

"Ya Mutshatsha, mama."

"Baba yako anatumikaka wapi?"

"Ku reli."

"Na ile swali, ni professeur alikutuma?"

Kijana akainama, sauti ya redio ikapotea. "Hapana, mama. Yeye alisema tuulize tu juu ya mupira. Mambo ya vumbi, alikatala. Tafazali, usiambie muntu."

"Mi siwezi kuambia muntu. Lakini zima kwanza ile telefone, tata."

Ilikuwa bado inarekodi.

Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipomaliza kuandika kisa hiki, nikaona nimeficha jina la kijana, la mama na la profesa. Wala hakuna aliyeniomba nifiche.