Mchumba wangu anapima isotopu ng'ambo, mie huku nikasoma majibu vibaya

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, chumvi sijatia. Kama huna muda pita tu, hata mie uvumilivu sinaga.

Mie mtu wa Tabata, niliishia form four, natengeneza simu. Mchumba wangu Anjela, kwao Gongo la Mboto. Tulijuana akiwa anakaa hosteli za Mabibo, aliniletea simu imeingia maji. Akamaliza chuo, akapata nafasi ya kusoma zaidi Ulaya, akaenda.

Huko anapima mawe. Wana mashine inaitwa mass spectrometer. Inapiga punje ya jiwe kwa ioni, vinavyoruka vinapangwa kwa uzito, halafu vinahesabiwa. Wanatafuta uwiano wa isotopu, yaani atomi za kitu kimoja ila zimepishana uzito. Mliosoma kemia mtakumbuka.

Sikuwa napenda mawe, wakuu. Nilikuwa napenda sauti yake akiyaelezea. Voice note moja nairudia mpaka simu inazima.

Nikimuuliza lini, anajibu, "Nitakuja Desemba." Moyo unatulia. Nikaanza kutafuta chumba na sebule huku huku Tabata, cha sie wawili. Nikaenda kumsalimia mama yake, nikamwambia mwenzetu karibu anarudi.

Mama akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, mwanangu."

Juzi Anjela kanipigia kanuna, majibu ya lab yamekataa. Nikamwambia si upime tena.

"We naye. Nikipima mara mia nitakosea mara mia. Natafuta oksijeni ya 17. Sasa ile ya 16 ikijishikiza na haidrojeni, uzito unakuwa karibu ule ule. Mashine inahesabu zote, haijui kama imeingiliwa."

"Haidrojeni inatoka wapi?"

"Unyevu tu, umebaki humo ndani ya mashine."

"Sasa unafanyaje, profesa?"

"Nabana upenyo zinapopita, zinatengana. Ila zinazofika zinakuwa chache. Mtu kama wewe ungeshapiga mashine teke."

Tukacheka, akakata.

Kesho yake niko kibandani, kioo cha simu ya mtu kiko mkononi, yale maneno yake ya mashine yananizunguka. Nikafungua meseji zake za nyuma. Kote kaandika "nitakuja". "Nitarudi" hakuna hata moja.

Wakuu, mgeni anakuja. Wa nyumbani anarudi. Mie nilikuwa nayahesabu yote kama neno moja, na kila nikisoma upya nilizidi kuwa na uhakika kwamba anarudi.

Nikambana kwa meseji. "Anjela, Desemba unakuja au unarudi?"

Mnajua nilivyo na haraka, ila sikutuma nyingine. Jioni ikaingia voice note fupi kuliko zote alizowahi kunitumia.

"Nakuja, Juma. Nilishindwa kukwambia."

Basi.

Kutafuta chumba nimeacha. Mapenzi hayajapungua, ndo tatizo.

Nilichojifunza: kusikia jambo lile lile kila siku sio uthibitisho. Kama kuna kitu kimeingia humo ndani, utakosea kila siku vile vile. Bana swali, hata kama jibu litakuwa dogo na utabaki nalo peke yako.

Desemba akishuka uwanja wa ndege nitakuwepo. Sijui tu nifungue mdomo nimwambie "karibu", kama mgeni, au nijikaze niseme "umerudi".

Nyie mngesema lipi?