Kiguzo Kimoja Chini ya Ubao

Saa tatu asubuhi, Mama Bisibisi anabonyeza kitufe cha kompyuta aliyomaliza kuiunga jana. Feni inajitikisa kidogo, kisha inanyamaza. Anabonyeza tena. Inajitikisa, inanyamaza. Kioo kinabaki cheusi.

"Mpya hiyo, fundi?" anauliza mpiga chapa, mteja aliyekuja kuichukua.

"Mpya, kaka."

"Basi imezaliwa mfu."

Dada mkubwa wa fundi, mshonaji ambaye cherehani yake imo chumba hicho hicho, anacheka bila kuinua kichwa. Mama Bisibisi hacheki.

Ni miaka kumi na tisa sasa anaunga kompyuta, kipande kwa kipande, hata mtaa umesahau jina lake la kuzaliwa. Wanaomjua husema akiwa kazini hatazami mikono: anaongea na mteja uso kwa uso huku vidole vinakaza skrubu. Wamezoea kuuita huo ustadi.

Anagusa bati la kasha kwanza, ili umeme wa mwilini usiunguze vipande. Kisha anaanza kupunguza. Anachomoa diski, kimya. Anabakiza memori moja, kimya. Anabadilisha pawa saplai inayoleta umeme, kimya vilevile.

"Ugonjwa wa kompyuta hautafutwi kwa kuongeza," anasema. "Unapunguza mpaka kibaki kile kisichopungua."

Mwishowe anautoa ubao mkuu, ule unaobeba vipande vyote, na kuulaza juu ya boksi lake. Anagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni inazunguka. Kioo kinawaka.

Mpiga chapa anapiga makofi. Fundi amekwisha kuelewa. Ubao ni mzima. Ubovu umo ndani ya kasha, na kasha alilipanga yeye.

"Dada, njoo unitazamie humu."

"Nitazame nini, mimi wa sindano na uzi?"

"Viguzo vya shaba vinavyoshika ubao. Kimoja kimekaa pasipo pake."

Dada anavaa miwani, anainama. "Si hiki hapa? Kinang'aa kama jino la dhahabu!" Kisha anamgeukia. "Wewe hukioni?"

Makasha aliyoyazoea hayana kiguzo hapo. Hili limetoka kiwanda kingine, likaja nacho. Kiguzo kiligusa lehemu chini ya ubao, umeme ukapita pasipostahili. Fundi yeyote angekiona kabla ya kufunga. Yeye kwa miezi mingi amekuwa akiunga kwa kumbukumbu. Daktari alimwambia presha ya macho imekula mshipa wa kuonea, na kilicholiwa hakirudi. Matone ya dawa hupunguza kasi tu. Hakumwambia mtu, hata dada anayelala naye chumba kimoja.

"Macho yanakufa, dada. Ningesema, nani angeniletea kazi?"

"Mficha maradhi..." dada anaanza.

"Naijua, dada. Usiimalizie."

Mpiga chapa anakohoa. "Mimi sina neno. Ila ukishaifunga, dada yako aikague kwanza."

Anaking'oa kiguzo, anaifunga. Dada anakagua skrubu moja moja, na kompyuta inawaka mara ya kwanza. Mteja anaikumbatia kifuani, anatoka. Mlangoni anasema, "Asante, mama." Alipoingia alimwita fundi.

Mchana mzima hakuna anayebisha hodi. Mama Bisibisi anaokota skrubu mezani kwa kupapasa, anaeleza mpango wake. Kila kasha jipya atalipapasa lote kabla ya kukaza chochote, dada akiwa pembeni, mpaka vidole vijue bila kukisia.

"Nataka nianze sasa, ningali naona," anasema. "Giza likinikuta sijajifunza, nitakaa nyumbani nilishwe."

Anamgeukia mshonaji. "Nikatie kitambaa cha kujifunga machoni."

Dada anavua utepe wa kupimia shingoni, anampima kichwa polepole, kama anampima mteja asiyemfahamu.

"Rangi gani?"

"Rangi unaniuliza mimi, dada? Angalia tu kisipitishe mwanga."